Kuuaga Mji kwa Macho

Trois-Rivières, 18 Juni 1991

Mdogo wangu Normand,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Réjean, aliyekaa hapa pembeni anasikiliza besiboli redioni. Anasema nikuulize kama huko milimani wameshakufundisha kunywa chai kama Waingereza. Wifi yangu Darlene hajambo? Na Chantal, bado anataka kuwa daktari wa mifugo au keshabadili tena?

Sisi tupo. Mvua imenyesha wiki nzima, nyanya za Réjean zimeoza shinani na yeye anazitazama kama mtu aliyefiwa. Kiwandani wamepunguza watu tena, Réjean amebakizwa. Binamu yetu Ghislaine ameolewa mara ya tatu, safari hii na mwuza majeneza. Mama angekuwapo angecheka mpaka alie.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha.

Mwezi wa nne nilikwenda Québec kwa daktari wa macho. Kijana mpole. Alinimulika ndani ya jicho kwa muda mrefu, kisha akazima taa yake. Nikamwambia, "Sema tu, mwanangu. Baba yangu alikuwa nayo." Akasema ndiyo hiyo hiyo. Kile kiwambo cha nyuma ya jicho kinakufa, kinaanzia pembeni kinakuja katikati, mpaka unabaki unachungulia dunia kama kwenye bomba, na mwisho bomba nalo linaziba. Nikamwuliza dawa. Hakuna. Nikamwuliza muda. Pengine mwaka, pengine usifike. Kisha akaniuliza kama nina ndugu wa damu. Nikamwambia ninaye mmoja.

Tulianza safari ya kurudi. Tulipokaribia nyumbani Réjean akasema, "Fernande, kabla macho hayajafunga unataka kuona nini? Roma? Bahari? Nitaomba likizo."

"Nataka kuona hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa petu. Miaka yote hii napita nikienda sokoni, sijapaangalia."

"We mwanamke hujui kudeka," akasema, lakini nilimwona anajifuta pua.

Basi Jumamosi iliyopita tukatoka. Nilivaa gauni la maua na viatu vizuri, yeye akavaa tai. Tuliliacha gari karibu na kanisa, nikamshika mkono kama bibi harusi, tukaanza na mtaa wetu wa utotoni. Nyumba ya Baba ipo, Normand. Zile ngazi za nje zimepakwa rangi ya kijani, ya kutisha, lakini ni zile zile, zimejikunja vile vile. Nilizitazama mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza kama tunatafuta mtu. Shule ya masista wameigeuza nyumba za kupanga. Pale Sista Marie-Ange alipokuwa akituchapa viganja kwa rula, mama mmoja ameanika sidiria dirishani. Réjean akavua kofia kwa heshima. Tulicheka hadi tukashikilia ukuta.

Tukala chipsi za mchuzi na jibini kwenye kile kibanda cha kona. Mwenyewe alishakufa, mwanawe ndiye anayekaanga, na bado anakunyima chumvi.

Halafu tukaenda nyuma ya kanisa, pale palipokuwa na uwanja wa barafu. Sasa ni maegesho. Réjean akasimama katikati ya magari, akanyoosha mikono. "Hapa ndipo nilipokusukuma ukaanguka. Ulikuwa na koti jekundu. Nikasema, huyu mwenye koti jekundu nitamwoa."

Nikamwambia, "Sijawahi kuwa na koti jekundu. Lilikuwa la bluu, Mama alilikata kutoka lake."

"Jekundu, Fernande. Nalikumbuka kama jana."

"La bluu. Mimi ndiye niliyelivaa!"

Tulianza kwa utani, tukaishia kwa sauti ya juu, mpaka mtu aliyekuwa anafungua gari lake akatukwepa. Ndipo niliponyamaza. Maana niliwaza, hiki ndicho nitakachobaki nacho. Macho yakishafunga, nitakuwa na haya niliyoyaweka kichwani tu, na hata haya hatuelewani. Kama koti lilikuwa jekundu, je, uso wa Mama niliouhifadhi ni uso wake kweli? Réjean akaona nimebadilika. Akasema, "Basi, lilikuwa la bluu." Hilo ndilo liliniumiza zaidi, kwamba ameniachia.

Kurudi kwenye gari tukamkuta Bi Alphonsine barazani kwake, yule jirani aliyekuwa akitugawia biskuti. Ana miaka themanini na sita. Kabla sijamsalimu akasema, "Fernande wa Gédéon. Unatembea kama baba yako. Unaipapasa ardhi kwa mguu kabla ya kuikanyaga." Nikamweleza. Akanishika mkono. Kisha akasema, "Na yule mdogo? Alipokuja kumzika mama yenu nilimwona pale kwenye ngazi jioni. Naye aliipapasa."

Normand, nakuuliza mara moja tu, bila maneno mengi. Unaona?

Dada yako anayekuwaza,
Fernande


Quesnel, 30 Julai 1991

Dada Fernande,

Habari za huko kwa wastaarabu? Sisi huku tumeshambuliwa na mbu wakubwa kama kuku. Darlene anakusalimu. Chantal hataki tena mifugo, sasa anataka kupiga gitaa, na mimi nataka kulichoma hilo gitaa. Dubu aliingia kwa jirani akafungua friji, akala keki ya harusi ya binti yao. Harusi imefanyika hivyo hivyo, na maandazi.

Nimepata barua yako nikitoka kambi ya magogo. Pole sana, dada. Niliandika ukurasa mzima wa kukupa pole nikauchana, nikaandika mwingine nikauchana. Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Nafurahi kuwa shemeji alikutembeza. Mwambie koti lilikuwa jekundu. (Natania. Sikumbuki. Nilikuwa mtoto.)

Bi Alphonsine asikusumbue. Huyo hata marehemu mumewe anamwona jikoni akipaka mkate siagi. Mimi nipo sawa. Bado napakia magogo, bado nateremka mlima na lori langu, sijawahi kukwaruza hata kioo. Ila nimeomba zamu ya asubuhi tu siku hizi, kwa ajili ya mgongo.

Usisome gizani, macho yatachoka.

Mdogo wako,
Normand


Trois-Rivières, 11 Agosti 1991

Mdogo wangu,

Shukrani kwa barua, na pole kwa mbu. Hapa joto ni la kukaa miguu ndani ya beseni, na ndivyo ninavyoandika. Ghislaine na mwuza majeneza wamekwenda fungate Florida, ametuma kadi yenye picha ya mamba.

Mgongo wako na zamu ya asubuhi vinahusianaje? Magogo ya asubuhi ni mepesi kuliko ya jioni?

Baba naye alisema ni magoti. Unakumbuka? Kila mtu akamtafutia mafuta ya kuchulia. Mama alimchua magoti mwaka mzima, mpaka siku alipokanyaga hewa juu ya zile ngazi, nasi tumekaa chini tunala. Hakuwa na kitu magotini. Alikuwa anaogopa kusema, basi.

Baba alijiumiza mwenyewe, Normand. Wewe una tani arobaini za miti mgongoni na barabara isiyo na kingo. Nenda kwa daktari. Ukikutwa u mzima, niandikie unitukane, nitaifurahia barua hiyo kuliko zote.

Réjean anasema nimpigie simu bosi wako. Nimeinyanyua simu nikairudisha, nikainyanyua nikairudisha. Nikimwambia, nimekuondolea riziki yako kwa mkono wangu. Nisipomwambia, sijui nani yuko njiani. Niko mbali, sioni vizuri, na sina la kufanya ila kuandika. Basi naandika.

Fernande


Trois-Rivières, 6 Oktoba 1991

Normand,

Salamu kwenu nyote. Majani ya miti ya mepo yamewaka mekundu mwaka huu, Réjean ananiambia. Mimi nauona mti mmoja mmoja, nikiutafuta.

Nimekaa na kimya chako karibu miezi miwili. Ulipopiga simu siku ya kuzaliwa kwangu uliniambia habari za theluji ya mapema, bei ya mbao na timu ya hoki, ukakata. Lakini nilimsikia Darlene nyuma akikuuliza, "Mbona umewasha taa zote na bado mchana?" Hukumjibu, na mimi hukunipa nafasi.

Nisamehe mwandiko, mistari imeanza kupandana. Réjean amenichorea mistari kwa kalamu nene niifuate, kama mtoto wa chekechea.

Nijibu. Hata neno moja.

F.


Quesnel, 17 Novemba 1991

Fernande,

Hatujambo. Darlene hajambo, Chantal hajambo.

Umetaka nikujibu, nakujibu. Nina nyumba ya kulipia na mtoto wa kusomesha. Sikumaliza shule, sijui kazi nyingine, na huku hakuna nyingine. Wewe ukiacha kuona utakaa na Réjean jikoni atakusomea gazeti. Mimi nikiacha kuona mimi si mtu. Kwa hiyo naona. Umenielewa? Naona.

Niachie, dada. Nakuomba.

Normand


Quesnel, 23 Februari 1992

Dada Fernande,

Natumaini barua hii itawakuta salama, na kwamba Réjean anakusomea, maana najua huwezi kuisoma mwenyewe. Shemeji, ukifika mahali ukaona ni vigumu, soma hivyo hivyo, usiruke mstari.

Kadi yenu ya Krismasi niliipata. Mwandiko ulikuwa wa Réjean. Niliuona lakini sikuuliza.

Wiki mbili zilizopita, Jumanne, mashine ya kupakia iliharibika asubuhi, nikapata mzigo alasiri badala ya alfajiri. Ningeweza kukataa. Sikukataa, kwa sababu ningekataa ningetakiwa kueleza. Theluji ilikuwa nyepesi, mwanga unapungua. Nyuma yangu alikuwa Gurdev, tumefanya kazi pamoja miaka tisa, ana lori lake. Nilikuwa nateremka kwenye kona kubwa ya mlima, naujua mlima ule kama mfuko wangu, ndivyo nilivyokuwa nikiendesha miaka hii yote, kwa kuujua.

Nikamsikia Gurdev kwenye redio ya mawasiliano ya lorini, "Norm! Mungu wangu, umempita yule mama unywele tu umebaki!"

Nikamwuliza, "Mama gani?"

Akapunguza mwendo. Kisha akasema polepole, "Mama aliyeinama kando ya barabara anafunga minyororo ya theluji kwenye tairi. Ana koti la manjano. Norm, usiniambie hukumwona."

Dada, sikumwona. Sikumwona yeye, wala gari lake, wala hilo koti la manjano ambalo watu hulivaa ili waonekane.

Nilisimamisha lori penye nafasi. Sikuzima hata injini. Gurdev akaegesha lake nyuma, akaja akapanda upande wa abiria. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Akaniuliza, "Tangu lini?"

"Miaka minne."

"Nani anajua?"

"Dada yangu. Yuko upande wa pili wa nchi."

"Na hukumsikiliza?"

"Sikumsikiliza."

Akasema, "Sogea." Akaendesha lori langu mpaka kiwandani, na mimi nimekaa kando kama gogo. Pale nikampa msimamizi ufunguo. Nilidhani ningesema maneno fulani, niliyafikiria njia nzima. Nilisema tu, "Chukua."

Daktari wa Prince George amethibitisha. Ni ile ile ya Baba. Yangu imeanza pembeni kama yako, na usiku sina kitu kabisa.

Nilirudi kumwambia Darlene. Nikakaa mezani, nikajikohoza, na yeye akasema, "Najua." Kumbe alikuwa anajua. Kumbe ndiye aliyekuwa akisogeza viatu mlangoni, ndiye aliyekuwa akifunga milango ya makabati kabla sijaamka ili nisijigonge. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba nyumbani bado naona vizuri. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilijaribu kusema mara ngapi? Ukanigeuzia mgongo. Nikaona afadhali nisogeze viatu." Kisha akalia, na mimi sikujua pa kumshika.

Chantal hataki kupimwa. Nilimweleza kwamba ugonjwa huu unapita kwa damu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, nakuomba usiniulize tena," akaenda chumbani akapiga lile gitaa. Nilikaa chini ya ngazi nikamsikiliza. Nilikuwa na umri wake nilipoapa kuwa sitakuwa kama Baba.

Yule mama simjui jina. Yeye pia hajui kitu. Alimaliza kufunga minyororo yake akaenda nyumbani, akapika chakula cha jioni, labda alilalamikia baridi. Nikifumba macho namwona vizuri sana, huyo niliyempita bila kumwona.

Wamenipa kazi ya kufagia karakana, mchana, mpaka mwezi wa tano. Baada ya hapo hawajui.

Nataka kuja. Nisije kwa mazishi safari hii. Nataka kutembea mtaa wetu na kuuangalia, kabla macho yangu hayajafunga kabisa. Je, shemeji atakubali kuwatembeza wawili?

Nilikuandikia neno baya mwezi wa kumi na moja, la kukaa jikoni. Umelisoma, siwezi kulirudisha.

Mdogo wako,
Normand


Trois-Rivières, 9 Machi 1992

Normand, mdogo wangu,

Huu ni mwandiko wa Réjean. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameahidi kuandika ninayosema tu.

(Nimeahidi. R.)

Salamu nyingi kwako, kwa Darlene na kwa mpiga gitaa wetu. Hapa theluji imeanza kuoza. Utomvu mtamu wa miti ya mepo umeanza kutoka, jana Ghislaine alituletea sharubati yake ya kwanza. Mwuza majeneza wake ana shamba la miti, kumbe ni mtu wa maana. Kiwanda kimefungwa tangu mwezi wa kwanza. Wanasema kitafunguliwa, hawasemi lini. Réjean yupo nyumbani mchana kutwa, ananifundisha kupika mambo ambayo mimi ndiye niliyemfundisha.

Mimi sijambo. Asubuhi, nikikaa karibu na dirisha, bado naona kidogo.

(Haoni, shemeji. Tangu kabla ya Krismasi. Alinikataza kukuambia ili usije ukakata tamaa ya macho yako. R.)

Mbona umeandika muda mrefu hivyo, Réjean? Nilichosema ni kifupi.

(Nimemwambia kalamu iligoma. R.)

Barua yako alinisomea mara mbili. Alipofika kwa yule mama wa koti la manjano ikabidi aende kunywa maji, na mimi nikabaki mezani nimeshika ukingo. Usidhani nilifurahi kuwa nilisema kweli. Nililia, kisha nikamshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa ajili yako, kisha nikakasirika nikatamani uwe karibu nikuzabe kofi. Yote kwa pamoja. Mwambie Gurdev kwamba kuna mwanamke Québec asiyemjua anayemtaja katika sala kila siku.

La jikoni sina kinyongo nalo. Ni kweli nimekaa jikoni, na ni kweli ananisomea gazeti. Siku nyingine ni sawa. Siku nyingine natamani kuvunja kila sahani, na nimeshavunja mbili, nikasema zimeniponyoka.

(Ni tano. R.)

Kuhusu Chantal, usimwulize. Mwenyewe ameomba. Najua haiwezekani kukaa mlango wa pili na mwanao ukanyamaza, lakini mimi nilikusukuma kwa barua miezi mingi na hukusogea hata hatua. Kilichokusogeza ni mtu ambaye hukumwona. Sijui tufanye nini kwa mtoto huyo. Sijui, Normand. Ningekuwa na neno ningekutumia.

Njoo. Njoo mwezi wa sita, siku ndefu, mwanga upo mpaka usiku. Njoo na Darlene kama atapata ruhusa kazini. Réjean atatembea katikati, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, na watu watasema mzee huyu amewakamata walevi wawili. Wewe utaangalia mji. Mimi nitakuuliza, utaniambia. Usinipambie. Kama pameharibika, sema pameharibika.

Basi la kutoka Montréal linafika mchana, na stendi hujaa watu Ijumaa. Ukishuka usihangaike kunitafuta, na mimi sitahangaika. Simama mahali pamoja, weka mzigo chini, uniite kwa jina langu, kwa sauti, usione haya. Nitaitika. Endelea kuita, na mimi nitaendelea kuitika, mpaka tushikane.

Dada yako,
Fernande